Meli ya Vita Mezani, Risasi Jikoni



Tumezoea kusema hapa juu ya kofia ngumu, viatu, ngazi, baruti na mwamba wa juu unaotaka kuanguka. Leo nataka kusema juu ya kitu chenye urefu wa sentimita 71 tu, kilicho juu ya meza katika nyumba moja ya Mumosho. Ni meli. Ni mfano wa meli ya vita, wenye bomba la moshi, milingoti, mashua za kuokolea watu na mzinga mbele. Aliyeitengeneza ni jirani yangu, mzee aliyekuwa fundi wa mashine miaka mingi na sasa amepumzika. Kazi yake ni nzuri sana, na nitaisifu. Lakini siku moja mwaka jana niliingia kwake nikamkuta anataka kufanya jambo ambalo kazini lingemfanya asimamishwe siku hiyo hiyo, na alitaka kulifanya jikoni, juu ya mbabula, wajukuu wakiwa wamemzunguka.

Kwanza niseme juu ya meli yenyewe, maana bila kuijua hamtaelewa kwa nini mzee alishikwa nayo hivyo.

Vita vilipofika Uvira mwaka 1996, mzee alikuwa akifanya kazi huko. Alivuka Tanganyika pamoja na watu wake, wakakaa Kigoma. Mwaka 1997 Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi lilianza kurudisha watu kwa meli, na meli mojawapo iliitwa Liemba. Mzee alirudi nayo. Anasema hakulala usiku ule. Alikuwa akitembea juu ya sitaha akigusa chuma, akihesabu ribiti kama fundi anavyohesabu, akishangaa kuona chuma cha zamani namna ile kingali kinafanya kazi. Ni baadaye tu aliposikia kwamba Liemba ilizaliwa meli ya Wadachi, na ilipata kuwa meli ya vita.

Habari hiyo ni ya kweli. Meli iliundwa Papenburg, Ujerumani, kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku kama 5,000, ikaletwa Dar es Salaam, ikapanda reli hadi Kigoma. Huko ilifungwa upya na kuingizwa majini mwezi wa Februari 1915. Urefu wake ni karibu mita 71, upana kama mita 10. Vita vikiwa vimewaka, ilipewa mzinga mkubwa uliotolewa katika manowari Königsberg, ile iliyoangamia katika mto Rufiji mwaka 1915. Upande wetu, Wabelgiji walikuwa Lukuga, ambako leo tunapaita Kalemie. Waingereza nao walileta mashua mbili ndogo, Mimi na Toutou, kila moja na urefu wa mita 12 tu. Zilitoka Cape Town kwa treni mpaka Fungurume, kisha zikavutwa juu ya milima ya Mitumba kwa mashine za moshi, kwa ng'ombe na kwa mikono ya watu wetu, ambao majina yao hayakuandikwa popote. Mashua hizo ndizo zilizoiteka Kingani tarehe 26 Desemba 1915, na mwezi wa Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikazama. Lakini Götzen hazikuigusa.

Götzen ilizamishwa na Wadachi wenyewe mwezi wa Julai 1916, karibu na mahali mto Malagarasi unapoingia ziwani. Na hapa ndipo fundi yeyote wa mgodi atatikisa kichwa kwa heshima: kabla ya kuizamisha walizipaka mashine zake grisi nzito, wakaijaza mchanga, wakaiteremsha taratibu, maana walitumaini kuirudia. Ililala chini ya maji kwa miaka kadhaa. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Grisi ya mtu mwangalifu iliokoa meli! Wale wanaopita mbele ya mashine yao bila kutazama mafuta wasome sentensi hiyo mara mbili.

Basi mzee aliamua kuitengeneza meli hiyo kama ilivyokuwa mwaka 1916. Alichagua kipimo cha moja kwa mia: mita moja ya meli ni sentimita moja ya mfano. Ni kipimo chepesi kwa hesabu, na kinafaa nyumba zetu. Kijana wake mmoja alitaka manowari kubwa ya Wajapani, Yamato, yenye mita 263. Mzee akamwambia: kwa kipimo hiki itakuwa mita mbili na zaidi ya nusu, wewe utalala wapi?

Mwili wa meli aliuchonga kwa mti wa gerevilia uliokaushwa chini ya paa msimu mzima, kwa sababu mti mbichi hupasuka rangi ikishakauka. Mbavu alizivika bati la mikebe ya maziwa. Ribiti alizipiga kwa ncha ya msumari upande wa ndani wa bati, moja moja, kwa kutumia rula, na mimi niliwahi kujaribu nikachoka kabla sijamaliza mstari mmoja. Milingoti ni njiti za gurudumu la baiskeli. Kizuizi cha pembeni, ambacho katika meli ya kweli kinamfika mtu kiunoni, hakitakiwi kuzidi sentimita moja. Akakifanya kwa uzi wa shaba uliotoka katika waya wa umeme uliokufa. Mzinga aliuchonga kwa mti. Vijana walimcheka kwamba meli ya vita gani ina bunduki ya mti, naye akawajibu vizuri: katika mwaka 1916 mzinga wa kweli wa Götzen uliondolewa kwenda kupigana nchi kavu, na mahali pake Wadachi wakaweka wa mti ili kudanganya adui. Basi mzinga wa mti ndio mzinga wa haki!

Upakaji wa rangi ulichukua miezi. Hapaki rangi nzito mara moja. Anapaka nyembamba, anangoja ikauke, anasugua kwa msasa laini, anapaka tena. Juu ya rangi ya kijivu anapitisha brashi karibu kavu yenye rangi nyeupe kidogo, ili kingo zionekane zimechakaa kwa jua. Kutu iliyotiririka chini ya nanga aliichora kwa vumbi la tofali lililochanganywa na gundi. Ukiinama ukatazama kwa jicho moja, unafikiri uko Kigoma.

Kuna wakubwa wanaosema kazi za namna hii ni michezo ya watoto na kwamba mtu aliyestaafu afadhali alime. Mimi sikubali. Mtu aliyefanya kazi miaka 30 kwa saa, kwa sireni, kwa zamu ya usiku, siku moja akaambiwa akae nyumbani, huyo yuko katika hatari ambayo kofia ngumu haiizuii. Wengi wetu tumewazika wazee ambao pombe iliwamaliza mapema baada ya kazi kwisha. Mzee huyu anaamka asubuhi anajua atafanya nini. Na wajukuu wamejifunza hesabu ya kipimo mezani pake kuliko ubaoni. Nyumba ambayo ina meza kama ile ina bahati.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe.

Meli ilipokwisha, aliijaribu katika nusu ya pipa iliyojazwa maji. Ikalala ubavu mara moja. Si ajabu: juu kuna bomba, milingoti na bati nyingi, chini kuna mti mwepesi tu. Meli inahitaji uzito wa chini, ambao mabaharia wa pwani huuita farumi. Mzee akafikiri kama fundi: chuma gani kizito, kinachoyeyuka upesi, kinachopatikana bure? Risasi. Na risasi inapatikana wapi? Katika betri za magari zilizokufa. Nilipoingia, betri ilikuwa imekwisha kupasuliwa uani, mabamba yake yamewekwa juu ya gunia, unga wa kijivu umemwagika pale ambapo kuku wanadonoa, na mjukuu mdogo, mwenye miaka kama mitatu, ameshika kipande mkononi. Sufuria iliyokuwa juu ya mbabula ilikuwa ile ya maharagwe.

Nilisema, “Muzee, samahani, tuzime kwanza moto, halafu tuongee.” Hakufurahi. Aliniambia yeye alilehemu miaka yote bila kuugua, na kwamba moshi wa risasi unapita mlangoni. Tulibishana sana. Bibi yake ndiye aliyenyanyua sufuria, akaitoa nje, na mtoto akamtia chini ya mkono kwenda kumnawisha.

Mimi nasema wazi: risasi haina nafasi katika nyumba ya mfanya kazi, hata kidogo, hata mara moja, hata kwa ajili ya meli nzuri kama ile. Wengine wataniona nimezidisha. Sikilizeni kwanza.

Watu huogopa moshi, lakini adui mkubwa ni unga. Risasi inayeyuka kwa digrii 327, na makaa ya mbabula yanapita moto huo bila shida. Juu ya risasi iliyoyeyuka hufanyika ukoko wa kijivu. Unauondoa kwa kijiko, unautupa uani, unakauka, unakuwa vumbi. Mabamba ya betri ni mabaya zaidi, maana ule ugoro uliomo ndani ni risasi iliyokwisha kuwa unga, tena umelowa asidi. Vumbi hilo haliozi wala mvua haimalizi nguvu yake. Linakaa katika udongo wa uani, linaingia na miguu, linashika kikwembe, linafika mkekani. Mtoto mdogo anatambaa, anatia vidole kinywani. Kwa risasi ile ile iliyoingia tumboni, mwili wa mtoto mdogo hunyonya mara 4 au 5 kuliko wa mtu mzima. Ndiyo maana fundi anaweza kusema kwa kweli kwamba yeye hakuugua. Si yeye anayelipa!

Na mtoto analipaje? Tumbo linamuuma, choo kinafunga, damu inapungua. Ikizidi, anapata kifafa, anazimia, anaweza kufa. Ikiwa kidogo, hamtaona kitu. Atachelewa tu kujifunza, atakuwa mkali, mwalimu atasema ni mvivu. Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema hakuna kiasi cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa hakina madhara.

Msifikiri ni hadithi za mbali. Mwaka 2010 katika jimbo la Zamfara, Nigeria, wachimbaji wa dhahabu, watu kama sisi, walikuwa wakileta mawe nyumbani na kuyasaga uani. Mawe yale yalikuwa na risasi nyingi. Madaktari wa MSF waliofika huko walihesabu watoto wasiopungua 400 waliokufa. Wazazi hawakuwa wabaya. Walitaka kufanya kazi karibu na familia. Senegali, karibu na Dakar, mtaa wa Thiaroye-sur-Mer, watoto 18 walikufa kati ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008, na chanzo kilikuwa kupasua betri za magari, kama alivyofanya jirani yangu. Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kilidhuru wakazi mpaka wakaenda mahakamani, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Na Kabwe, Zambia, si mbali na Katanga, mgodi wa risasi ulifungwa mwaka 1994, lakini udongo wa mitaa ungali na sumu na watoto waliozaliwa baada ya kufungwa wameikuta.

Kuna hatari nyingine katika kuyeyusha, nayo inakuja kwa nukta moja. Tone la maji likiingia katika risasi iliyoyeyuka, maji yanageuka mvuke kwa ghafula na risasi inaruka kila upande. Kalibu yenye unyevu inatosha. Aliyepigwa machoni na risasi ya moto hatapaka tena rangi ya meli.

Basi tufanyeje na meli inayolala ubavu? Hapa nilimshinda mzee kwa hesabu, na kwa fundi hesabu ina nguvu kuliko hotuba ya usalama. Götzen ya kweli ilikuwa na uzito kama tani 1,500. Kwa kipimo cha moja kwa mia, urefu unagawanywa kwa mia, upana kwa mia, na kina kwa mia. Kwa hiyo uzito unagawanywa kwa milioni. Tani 1,500 zinakuwa kilo moja na nusu. Tukapima meli yake kwa mizani ya dukani: gramu 900. Basi ilihitaji gramu 600 tu. Gramu 600 za risasi zinajaza nafasi ya sentimita za ujazo 53. Gramu 600 za chuma zinajaza 77. Tofauti ni 24, haifiki vijiko viwili vya supu. Kwa ajili ya vijiko viwili vya nafasi mzee alitaka kutia sumu nyumbani!

Misumari iliyopinda, nati, vipande vya nondo, vyote vinafaa, navyo havihitaji moto wowote. Unavipanga chini kabisa, juu ya mkuku, ule uti wa mgongo wa meli, na kuvibana kwa nta au lami. Ukikosa chuma, mchanga wa Ruzizi uliooshwa na kukaushwa utasaidia, ingawa utachukua nafasi kubwa. Wadachi nao waliijaza Götzen mchanga. Mmoja wa vijana alisema kasiteriti nayo ni nzito karibu kama chuma. Ni kweli, ni nzito. Lakini kasiteriti ina njia yake, na njia hiyo haipiti mfukoni mwa mtu kwenda nyumbani, kwa hiyo neno hilo liishie hapo.

Niliangalia pia mikebe yake ya rangi. Mmoja ulikuwa wa zamani sana, ule wekundu wa kuzuia kutu, uliotoka gereji fulani. Aliutaka kwa sehemu ya chini ya meli, inayokaa majini, na kwa macho alikuwa na haki: meli nyingi za zamani zilipakwa vile. Lakini rangi nyekundu ya kuzuia kutu ya zamani mara nyingi ni risasi yenyewe iliyosagwa. Ukiipaka unaileta nyumbani, na ukiisugua kwa msasa unaipeperusha hewani. Mkebe wa zamani usiojulikana umefanywa kwa nini, usiufungue. Nyekundu ya kawaida ya dukani, iliyoandikwa kwamba haina risasi, ikichanganywa na nyeusi kidogo, inatoa rangi ile ile.

Juu ya msasa mnajua mnachotakiwa kufanya, maana mnakifanya kila siku. Kazini tunatoboa mwamba kwa maji ili vumbi lisiruke. Mezani ni vivyo hivyo: lowesha msasa, sugua taratibu, futa kwa kitambaa chenye maji. Usipige ufagio mkavu, usipulize kwa mdomo. Mapafu yanayokula vumbi la mwamba mchana hayapaswi kupewa vumbi la rangi jioni. Na mafuta ya kuyeyusha rangi yakae mbali na mbabula na taa ya moto, dirisha wazi, wala yasitiwe kamwe katika chupa ya soda au ya maji. Mtoto anajua chupa ya soda ni ya kunywa.

Uani kwa mzee tulilowesha ule unga, tukaukwangua pamoja na udongo wa juu, tukautia katika ndoo yenye kifuniko, pamoja na mabamba na gunia. Kila mtu alinawa, nguo zikafuliwa peke yake. Sufuria ile haikurudi jikoni. Mtoto alipelekwa kituo cha afya, na bibi akaeleza bila kuficha alichokuwa amekishika. Msione haya kueleza. Mganga asiyeambiwa risasi atatafuta minyoo na malaria.

Mzee hakuniongelesha kwa wiki mbili. Kisha akanituma mjukuu mkubwa kuniita. Nusu ya pipa ilikuwa imejazwa, meli imepakwa nyekundu chini, na ndani yake amepanga misumari 80 kwa safu, kwa nta, kama mtu anayepanga risasi za bunduki katika mkanda. Aliishusha majini kwa mikono miwili. Ilielea. Maji yalifika mahali alipochora mstari, isipokuwa inainama kidogo upande wa kushoto. Alipiga magoti akaitazama muda mrefu, akasema misumari mitatu ihamie kulia.